Kona ya Tatu ya Jamvi

Saa moja asubuhi Sechelela Chilongani alipita na nyundo yake akigonga kona za jamvi la zege, moja baada ya nyingine. Ya kwanza ililia kama chungu kizima. Ya pili ikalia hivyohivyo. Ya tatu, ile iliyo upande wa njia ya kwenda makazini, ikatoa sauti butu, kama mtu amepiga gunia la pumba.

Akagonga tena. Pumba.

"Hapana bwana," alisema peke yake.

Akaenda ya nne, ikalia vizuri. Akarudi ya tatu, akapiga magoti, akakitoa kibao cha kioo cha Mamlaka ya Maji mfukoni mwa aproni. Siku zege lile lilipomwagwa walichanganya ndani yake mbegu mia mbili, vidude vya kauri vidogo kama punje za mtama, na tangu siku hiyo mbegu zilikuwa zimekaa humo gizani zikipima joto, unyevu na nguvu ya zege linalozizunguka. Zilisomwa mara mbili tu, siku ya saba na siku ya ishirini na moja, kwa sababu kila usomaji ulikula sehemu kubwa ya uhai wake. Siku ya saba zilisema kila mahali ni sawa. Leo ilikuwa ya ishirini na moja.

Kibao kikawaka. Katikati, ishirini na sita. Kona ya kwanza, ishirini na nne. Ya pili, ishirini na tano. Ya nne, ishirini na nne.

Ya tatu, kumi na tatu.

Boliti za mtambo kwenye kona ile zilitaka zege la ishirini, si chini ya hapo. Na mtambo wenyewe ulikuwa njiani. Msafara ulilala Manyoni, na saa nane mchana ungefika Itumbwi ukiwa umebeba tani thelathini na nane za chuma. Mamlaka waliupa jina refu lenye namba. Watu wa Itumbwi, ambao kwa miaka minne walikuwa wakinywa maji ya lori, lita nne kwa kila mtu kwa siku, waliuita Mkamuo, maana kazi yake ilikuwa kukamua hewa kavu mpaka itoe maji. Lita elfu sita kwa siku, wakati wa kiangazi. Lori lingeacha kuja siku ileile mtambo utakapowashwa.

Sechelela alijiuliza alikosea wapi, na akaanzia chini kabisa. Udongo? Ardhi ya Itumbwi ni mbuga nyeusi, udongo unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, na ukiweka kitu kizito juu yake utakikuta kimeinama kama mlevi. Lakini alikuwa ameuchimba wote mpaka mita moja na robo, akajaza moramu, akaishindilia tabaka kwa tabaka huku akiwakaripia wanaume waliotaka kuruka tabaka moja ili wawahi kula. Nondo? Milimita kumi na sita, mikeka miwili, mmoja chini na mmoja juu, imefungwa kila sentimita kumi na tano, alizihesabu mwenyewe. Unene, sentimita arobaini na tano. Mchanga hakuchukua wa bondeni wenye chumvi, alileta wa mbali. Na lau mchanganyiko ungekuwa mbaya, ungekuwa mbaya kila mahali. Ubovu hauchagui kona.

Basi yalibaki maji.

Zege likishamwagwa halikauki kama nguo. Linakomaa, na ili likomae linataka maji, siku baada ya siku, kama mwari aliye ndani anayelishwa. Likinyimwa, nguvu yake inaishia pale ilipofika. Ndiyo maana katika mpango wake Sechelela alilitengea jamvi lita mia tatu kila siku, akalifunika lote kwa magunia ya mkonge, akachagua walinzi kumi na mmoja wa kuyamwagia asubuhi na jioni. Wote wanawake. Wanaume alishawaona kazini.

Akaliinua gunia la kona ya tatu. Juu lilikuwa na unyevu wa asubuhi ile. Chini lilikuwa kavu. Akalinyoosha mbele ya macho yake. Nyuzi zilikuwa zimejipinda, zote upande mmoja, kuanzia ncha hadi ncha, jinsi khanga inavyojipinda ikishikwa na mikono miwili yenye nguvu na kukamuliwa kabla ya kuanikwa.

Akainua la pili. Limekamuliwa. La tatu. Limekamuliwa.

Na mara akakumbuka midomo ya watoto wa makazini, iliyobabuka pembeni wiki hizi mbili zote, na yeye kila alipokutana na mama mmoja akamwambia, "Mpake mafuta, ni vumbi hilo." Maji yaliyolala juu ya zege bichi yana chokaa. Mtu wa stashahada ya ujenzi, mwenye miaka kumi na tano kazini, akayaona malengelenge ya chokaa kwenye midomo ya watoto akasema ni vumbi.

* * *

Mkuu wa walinzi alikuwa Damari, wifi yake, dada wa mumewe marehemu. Alimkuta uani akichambua mlenda mkavu kwenye ungo.

"Mbukwa, wifi," Damari alimsalimu bila kuinua uso.

"Mbukwa. Nani amekamua magunia?"

Vidole vya Damari vilisimama, kisha vikaendelea. "Magunia gani?"

"Damari, mimi si polisi na sina siku nzima. Mtambo unafika saa nane. Kona ya tatu ina kumi na tatu. Nimeyashika magunia kwa mikono yangu. Nani?"

"Ukijua itakusaidia nini?"

"Nitajua kama ni mwendawazimu mmoja au ni mpango."

Damari akaweka ungo chini. Alikuwa mwanamke mwenye mifupa mikubwa na sauti ya kanisani, aliyezoea kusikilizwa. "Ni mpango," alisema. "Ni wote kumi na mmoja. Tulikubaliana kona moja tu, ile ya karibu na njia, ili nyingine zisiguswe. Tulidhani kona moja haiwezi kuumiza jamvi zima. Kila zamu, magunia matatu. Unajua gunia moja linatoa nini? Vikombe vitatu. Tunayachuja kwa khanga mara mbili."

"Mnawanywesha watoto chokaa!"

"Tunawanywesha maji!" Damari alisimama. "Ulituweka pale, Sechelela. Asubuhi na jioni tunashika mpira, tunamwagia jiwe lita mia tatu, na watoto wetu wamekaa palepale kivulini wanatutazama. Jiwe linakunywa, mtoto anatazama. Wewe ulikuwa wapi? Kwenye kibao chako."

"Nilikuwa natafuta nondo mjini, kwa ajili ya hao watoto."

"Sawa. Basi watoto wamekunywa."

"Mngeua watu, unaelewa?" Sechelela alimsogelea. "Lile pipa la mtambo linazunguka, linazivuta boliti juu na chini mara elfu kwa dakika. Zege likiwa dhaifu, boliti inatoka kama jino bovu. Tani thelathini na nane zinaanguka. Zinaangukia nani? Foleni ya ndoo. Wewe na hao watoto uliowapa vikombe vitatu!"

Damari alirudi nyuma hatua moja.

"Hatukujua hilo la boliti," alisema. "Hukutuambia la boliti. Ulituambia tumwagie maji, ukaondoka na pikipiki."

Ilikuwa kweli. Sechelela alilijua hilo, na kulijua hakukumpunguzia hasira hata kidogo.

"Nitawataja," alisema. "Wote kumi na mmoja. Kanuni iko wazi."

"Taja. Lakini uandike wa kumi na mbili." Damari alikuwa akinong'ona sasa. "Ule uji wa mwanao Nyemo, wiki ile alipokuwa na homa na wewe huna hata tone ndani, ukaja hapa ukakuta umeshapikwa. Ulisema asante wifi, Mungu akuzidishie. Unadhani ulipikwa kwa maji gani?"

Sechelela akageuka akatoka, na mlangoni akakosa hatua akagonga bega kwenye nguzo kama mtu asiyeijua nyumba ile.

* * *

Msafara ulifika saa nane kasoro, malori matatu na kreni, vumbi lake likionekana nusu saa kabla. Itumbwi nzima ilikuwa nje. Watu walipiga vigelegele, wakagusa ubavu wa mtambo ulioachwa wazi na turubai, wakarudisha mikono kwa sababu chuma kilikuwa cha moto.

Aliyeshuka kwanza alikuwa Kikoti, msimamizi wa ufungaji, Mhehe mfupi mwenye kofia ya chuma iliyopauka kwa jua. Ilikuwa mara yake ya tatu Itumbwi, na kila alipokuja hakukosa neno, maana Wahehe na Wagogo ni watani na utani haulali.

"Wagogo!" aliita. "Mpo hai? Mlenda umewabakiza?"

"Tupo, mtani," Sechelela alimjibu. "Funga mikono yako, mbwa wetu tumewahesabu, hutakula hata mmoja."

Watu wakacheka. Kikoti akacheka kuliko wote, akamtazama usoni, akaacha. "Una nini?"

"Nipe dakika tano."

Hakuzipata. Mwenyekiti wa makazi, mzee Ndahani, alikuwa ameshafika na shati lake la sherehe, akamvuta mpaka nyuma ya tangi. Sechelela alimweleza yote kwa maneno machache, kona, boliti, magunia, ila majina. Mwenyekiti alisikiliza, akapangusa kipara.

"Fomu ya Mamlaka inauliza nini hasa?" aliuliza.

"Inauliza nguvu ya zege."

"Nguvu ya zege lote?"

"Ya mahali dhaifu kuliko pote. Wengine huwa wanaandika wastani."

"Na wastani ni ngapi?"

Alikuwa ameshaupiga kichwani tangu asubuhi, bila kutaka. "Ishirini na mbili na nukta nne."

"Basi!" Ndahani alifungua mikono. "Umepita! Mwanangu, weka dole, watu wanywe. Huo si uongo, ni hesabu."

"Boliti haisomi wastani, mwenyekiti. Boliti iko konani."

"Huyu Mhehe akiondoka leo, anarudi lini?"

"Miezi kumi na moja. Baada yetu ni Makutupa, baada ya Makutupa ni wengine."

"Miezi kumi na moja." Mwenyekiti aliitamka polepole, kama mtu anayeonja kitu kibovu. "Mwaka jana tulizika watoto sita, Sechelela. Unataka tuzike wangapi kwa ajili ya kona?"

Sechelela alimwacha pale akaenda kwa Kikoti, ambaye tayari alikuwa juu ya jamvi, ameinama kwenye kona ya tatu, anapitisha ukucha kwenye nyufa nyembamba kama unywele zilizozunguka boliti. Mtu wa kazi haambiwi.

"Ngapi?" Kikoti aliuliza bila kuinuka.

Kama angesema ishirini na mbili, angeandika ishirini na mbili. Kibao kilikuwa chake, dole lilikuwa lake, Kikoti hakuwa na haki ya kuzisoma mbegu. Nyemo alikuwa mstari wa mbele, miaka tisa, miguu myembamba yenye vumbi, ameshika ndoo kwa mikono yote miwili.

"Kumi na tatu," Sechelela alisema.

Kikoti akashusha pumzi. "Mama, ungeniambia niko Manyoni ningegeuza."

"Usigeuze, geuza mtambo. Sikiliza." Alichora vumbini kwa mpini wa nyundo. "Upande wa pipa ndio unaovuta, unataka ishirini. Upande wa mapezi ya kupoza hewa hauvuti, unataka kumi na mbili. Kwenye mchoro wenu pipa linakaa kona ya tatu na ya nne. Ligeuze, likae ya kwanza na ya pili. Mapezi yakae huku. Boliti zangu nilizipanga mraba kamili, unaingia kwa pande zote."

"Kwa nini ulizipanga mraba? Mchoro wetu una mstatili, ingawa kitako cha mtambo kina matundu ya namna zote mbili."

"Kwa sababu mchoro wenu ulibadilika mara tatu na sikuwaamini."

Kikoti alicheka kwa pua. Alitembea kuzunguka jamvi, akapima kwa hatua, akarudi. "Mdomo wa maji utaangalia porini."

"Mita arobaini za bomba. Ninazo."

"Nusu mwendo, basi, mpaka kona ifike ishirini." Alikuna kidevu. "Inaweza kufika?"

"Likimwagiwa siku kumi na nne, linafika. Zege lililonyimwa maji likirudishiwa mapema linaendelea. Kama lingekuwa limeharibika kwa mchanga au udongo, lisingerudi."

"Hapo ndipo penye kazi," Kikoti alisema, na sasa alisema kwa sauti ya chini, ya mtu anayempenda mtani wake. "Mtambo unaweza kukaa kwenye jamvi lenye kasoro ikiwa sababu inajulikana na inatibika. Nikiandika sababu haijulikani, naondoka nao. Nikiandika maji yalipungua, unabaki. Lakini nikiandika maji yalipungua, kibao kitauliza nani aliyepunguza, na hakifungi mpaka kipate jina. Unaijua kanuni?"

Aliijua. Anayechukua maji yaliyotengwa kwa mtambo, kaya yake inafungiwa bomba siku mia moja. Kaya kumi na moja. Watu sitini na watatu, na zaidi ya nusu yao hawajafika kifuani kwake kwa urefu. Lori halitakuja tena. Hakuna aliyekataza kumgawia jirani. Mamlaka ilijua tu kwamba mwenye maji kidogo hagawi.

Akamtafuta Damari kwa macho. Alikuwa amesimama kando ya wenzake kumi, mtandio umefungwa kiunoni, hakujificha. Alikuwa akisubiri kutajwa kama mtu anayesubiri sindano. Sechelela aliona kwamba bado anamkasirikia, kwamba angeweza kumtaja sasa hivi na jioni akala vizuri. Wale wanawake walikosea. Walihatarisha foleni nzima kwa vikombe vitatu.

Lakini mtu wa kazi jengo likipasuka hafokei nyufa. Anarudi kwenye mchoro na kuuliza ni mzigo gani haukuhesabiwa. Alikuwa amehesabu uzito wa mtambo. Alikuwa amehesabu mtikisiko wa pipa, upepo wa Agosti, kuvimba kwa udongo, hata uzito wa kunguru kumi wakitua kwa pamoja, kwa mzaha, ukingoni mwa karatasi. Akaweka vitu viwili vyenye kiu mahali pamoja, jiwe na mama mwenye mtoto, akalipa jiwe lita mia tatu, na huyo mama akamwandika "mlinzi" na hakumwandikia hata kikombe.

"Andika," alimwambia Kikoti. "Sababu, maji ya kukomaza yalipungua kona ya tatu. Chanzo, kosa la mpango. Mbunifu alitenga lita mia tatu za zege na hakutenga maji ya walinzi. Ni mzigo ambao haukuhesabiwa."

"Hilo ni jina la kosa. Kinataka jina la mtu."

"Mpango una jina chini. Soma."

Kikoti alisoma, ingawa hakuhitaji. "Chilongani, usiwe mjinga. Kaya yako itafungiwa. Na dole lako litakufa, hutasaini jamvi wala choo kwa miaka mitatu. Ni nani hasa—"

"Umeniuliza sababu, nimekupa sababu. Unataka nikuimbie?"

"Una mtoto."

"Najua nina mtoto, nilimzaa mimi." Akanyoosha mkono. "Lete. Na hapo chini, kwenye marekebisho, andika neno kwa neno: mlinzi wa zege anapimiwa lita mbili za kunywa kabla ya kumwagilia, anazinywa palepale. Ukiliacha hilo sisaini."

Kikoti aliandika. Akakigeuza kibao. Sechelela aliliweka dole kwenye kioo, kikawa cha kijani, na papo hapo pembeni yake kikaandika kwa herufi nyekundu ndogo: Kaya 88, watu wawili, siku 100.

* * *

Kazi yenyewe ilichukua saa mbili na nusu. Kreni iliunyanyua Mkamuo, ikauzungusha hewani polepole, watu wakirudi nyuma bila kuambiwa. Sechelela hakuwa na mamlaka tena juu ya jamvi lile, lakini hakuna aliyethubutu kumwondoa. Alichuchumaa kwenye kona ya tatu, mkono ameubandika juu ya zege, wakati boliti ikiingia kwenye tundu lake. Tani zikashuka. Zege likapokea. Alihisi mguno mmoja mfupi kiganjani, kisha utulivu.

"Washa," Kikoti alisema. "Nusu."

Pipa likaanza kuzunguka. Mtetemo ukaingia kwenye jamvi, ukampanda Sechelela mpaka kwenye meno. Aliziangalia zile nyufa za unywele. Dakika moja. Mbili. Dakika ya tano vumbi lilicheza ndani yake kama unga kwenye chekecheke, na nyufa hazikuongezeka. Dakika ya ishirini mwenyekiti Ndahani alianza kuimba, watu wakamfuata. Dakika ya ishirini na tatu bomba lilikohoa likatema maji.

Wakati huo walikuwa wamesahau habari ya kona. Foleni ilijipanga, dole moja baada ya lingine, ndoo moja baada ya nyingine, wengine wakinywa kabla ya kutoka kwenye mstari, wengine wakilia. Mtoto mmoja alimwagiwa kichwani na mama yake akachapwa na bibi yake, yule mama, si mtoto, kwa kuharibu maji.

Kwa mujibu wa mpango mpya, maji ya jamvi yalikuwa na bomba lake dogo. Damari alilijia zamu ya jioni. Akaweka dole, bomba likampimia lita mbili kwenye kopo la bati. Akalishika kopo akasimama. Hatua tatu kutoka kwake Nyemo alikuwa amekaa juu ya ndoo yake tupu, akilamba midomo, akilitazama lile kopo.

"Kunywa," Sechelela alisema.

"Wifi, mtoto—"

"Nimesema kunywa. Yote. Hapa mbele yangu."

"Siwezi. Ananitazama."

"Ndiyo, anakutazama. Walikuwa wanakutazama wengine pia, na nimeona kilichotokea. Leo ukimpa huyu nusu, kesho utampa wa jirani nusu, keshokutwa tuko kwenye magunia. Unakunywa kwanza, halafu unamwagilia. Ndivyo ilivyoandikwa. Mimi nimelipia hayo maneno, Damari. Kunywa."

Damari alikunywa. Alikunywa huku machozi yakimchuruzika mpaka kwenye kopo, akimeza kwa sauti kubwa kama mtu anayelazimishwa dawa, na alipomaliza alilipindua kuonyesha kwamba limekwisha. Kisha akachukua mpira akaanza kumwagilia kona ya tatu, gunia kwa gunia, bila haraka, mpaka maji yakajaa na kuanza kutiririka kwenye ukingo wa zege. Sechelela alifinya ncha ya gunia kwa vidole viwili. Likachuruzika. Akaitikia kwa kichwa.

"Mama," Nyemo alisema. "Na sisi?"

"Sisi tutaomba."

"Siku ngapi?"

"Mia."

Mtoto alifikiri. "Tutaomba kwa nani?"

Sechelela aliinuka, magoti yakalia. Foleni ilikuwa imeanza kupungua, milango ya makazini ilikuwa wazi, na ndani ya kila mlango palikuwa na ndoo iliyojaa. Alimwona mzee Ndahani akipita na madumu mawili yaliyojaa, shati la sherehe limelowa kifuani, akijitahidi sana kutotazama upande wao.

"Tunaanzia kwa mwenyekiti," alisema, akachukua ndoo.